Anasoma vizuri tu ila haelewi: maktaba ya shule inaingiaje hapo?

Kwenye kikao cha wazazi cha shule moja ya msingi huku kwetu, mwalimu mkuu alisimama akasema anaomba mchango kidogo kwa ajili ya maktaba, basi ikawa vurugu. Baba mmoja akauliza maktaba ya nini wakati watoto wana vitabu darasani. Mama mwingine akasema tujenge vyoo kwanza (na hoja yake ilikuwa na mashiko, simbezi). Halafu mzee mmoja wa nyuma akamalizia na ule usemi ambao tumeusikia mpaka masikio yamechoka, eti ukitaka kumficha Mtanzania kitu kiweke kwenye kitabu, watu wakacheka, mada ikafia hapo.

Njiani narudi ndio nikashtuka kwamba kumbe hatukuwa hata tunabishana, kila mtu alikuwa anaongelea kitu chake ila maneno ni yale yale. Kuna neno "kusoma", kuna neno "kitabu" na kuna neno "maktaba", na kila moja kati ya hayo lina maana mbili zinazotembea pamoja kama mapacha, ukimwita huyu anaitika yule. Ngoja tuzitenganishe taratibu.

Tuanze na kusoma. Mtoto wa dada yangu yuko darasa la tatu, anasoma mpaka raha. Siku moja mdogo wake alikuwa anaharisha, nikamwambia hebu nisomee hii pakiti ya ORS imeandikwa nini, akasoma sentensi nzima bila kukwama, kwamba changanya pakiti moja kwenye lita moja ya maji safi na salama. Nikamuuliza, haya, maji kiasi gani? Akaniangalia. Nikarudia, maji tunaweka kiasi gani? Akachukua pakiti, akasoma tena sentensi yote kwa sauti, vizuri kabisa, akaniangalia tena.

Huyo mtoto anajua kusoma au hajui? Ukimuuliza bibi yake atakwambia anajua, tena anasoma kama mtangazaji. Mimi nakwambia amefika nusu ya safari. Kusoma ni kazi mbili zilizofungwa kamba moja, ya kwanza ni kugeuza herufi kuwa sauti, ya pili ni kugeuza zile sauti kuwa maana. Ya kwanza bila ya pili ni kasuku. Na ya pili haiji yenyewe eti kwa sababu ya kwanza imekamilika.

Sasa hapa lugha yetu yenyewe inatuchezea kidogo. Kiswahili kimeandikwa kwa unyoofu sana, ukishajua ba be bi bo bu na wenzake, unaweza kutamka neno lolote hata ambalo hujawahi kulisikia maishani. Mpe mtoto wa darasa la pili neno "ubadhirifu" atakusomea, halafu muulize ni nini. Kwenye Kiingereza haiko hivyo, "put" na "but" zimeachana herufi moja tu lakini zinatamkwa kila moja kivyake, kwa hiyo mtoto wa kule akiwa hajui neno mara nyingi inasikika hapohapo anapolitamka. Kwetu haisikiki. Mtoto anasoma ukurasa mzima kwa sauti nzuri, mwalimu ana wanafunzi wengi darasani, anasema safi sana, mwingine! Zoezi limeisha, na hakuna aliyejua kwamba kichwani hakikuingia kitu.

Kuna na suala la kasi. Umeshawahi kupigiwa simu mtandao unakatakata? "Mjo... mba... ame... fika... ste... ndi... ya..." mpaka neno la mwisho linafika umeshasahau ni nani amefika, unabaki haloo haloo. Mtoto anayesoma silabi moja moja ndivyo anavyojisikia, anatumia nguvu zote kutamka, akifika mwisho wa sentensi mwanzo wake umeshapotea. Dawa yake sio kumkazania asome haraka haraka kama anafukuzwa. Ni mazoezi mengi ya vitu vyepesi, mpaka jicho lizoee maneno na akili ibaki na nafasi ya kufikiria kinachosemwa.

Na tukiwa hapo hapo kwenye kasi, kuna watu wanapenda kulinganisha, eti watoto wa nje wanasoma maneno mengi kwa dakika kuliko wa kwetu. Tulia kwanza. "Hatutawasomea" ni neno moja. Kwa Kiingereza ukitaka kusema hilo unahitaji maneno sita. Ndio maana Kenya walipoweka viwango vya kupima kusoma kwa watoto wa madarasa ya mwanzo, walisema Kiingereza maneno 65 kwa dakika, Kiswahili 45. Hawakukipendelea Kiswahili, maneno yetu ni marefu tu.

Sasa tuje kwenye zile takwimu zinazotuchanganya kila mara zikitoka kwenye vyombo vya habari. Leo unasoma Watanzania wengi sana wanajua kusoma na kuandika, kesho unasoma watoto wamefika la saba hawajui kusoma, mtu anasema mmoja kati ya hawa muongo. Hapana, vipimo ni tofauti. Kwenye sensa karani anafika nyumbani, anamuuliza aliyepo kama fulani anajua kusoma na kuandika, anajibiwa ndio, anajaza ndio, hakuna anayepewa karatasi asome. Upimaji wa Uwezo, ule ambao umekuwa ukifanyika Tanzania, Kenya na Uganda, wenyewe wanapita nyumba kwa nyumba, mtoto anapewa vitu vya kusoma kuanzia rahisi hadi hadithi fupi, na hiyo hadithi ni ya kiwango cha darasa la pili, ila anayepimwa kwa hapa Tanzania anaweza kuwa na miaka 7 mpaka 16. Kwa hiyo ukisikia mtoto wa darasa la tano "hajui kusoma" haimaanishi hajui a e i o u, inamaanisha ile hadithi ya la pili imemshinda. Halafu kuna kipimo cha Benki ya Dunia cha tangu 2019, wanakiita umaskini wa kujifunza, chenyewe kinauliza kama mtoto wa miaka 10 anaweza kusoma maandishi mafupi mepesi na akayaelewa. Kuyaelewa! Vipimo vitatu, maswali matatu, halafu sisi tunavichanganya kwenye sufuria moja.

Na kwamba kusoma kunaweza kupotea, wazee wetu walishalijua zamani, tena kwa upande wa watu wazima. Sensa ya 1967 ilionesha kama theluthi mbili ya watu wazima hawajui kusoma, ikaja kampeni kubwa ya kisomo, wale mliosikia bibi zenu wakisimulia madarasa ya ngumbaru ndio hiyo, na kufikia 1986 takwimu za serikali zikasema wasiojua ni chini ya asilimia 10. Lakini kitu kimoja kiliwasumbua waliokuwa wanaiendesha: mtu anajifunza kusoma, anafaulu, halafu nyumbani hakuna cha kusoma, miaka michache mbele anasahau kila kitu. Ndio maana zikaanzishwa maktaba za vijijini na magazeti ya vijijini yenye herufi kubwa na Kiswahili chepesi. Lile la kanda ya ziwa lilikuwa linatoka Mwanza, likiitwa Elimu Haina Mwisho. Kusoma ni kama jembe, lisipolima linashika kutu, na mtoto wa darasa la pili anashika kutu haraka kuliko mtu mzima, ukitaka kujua subiri likizo ya mwezi wa kumi na mbili iishe.

Neno la pili, kitabu. Yule baba aliyesema watoto wana vitabu darasani hakukosea, ila vile ni vitabu vya kiada, vinavyofuata mtaala, na siku hizi vinaandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Kazi ya kiada ni kufundishia. Kitabu cha hadithi ambacho mtoto anajisomea mwenyewe kinaitwa cha ziada, na mimi hili jina huwa linanikera, maana ziada kwa Kiswahili cha kawaida ni kile kilichobaki baada ya watu kushiba. Mtu akiona "ziada" kwenye bajeti anaanza kukata hapo hapo.

Kwa nini kiada haitoshi? Kwa sababu ni kimoja, na kinarudiwa mwaka mzima. Nenda darasa lolote la pili mwezi wa tisa, mwambie mtoto asome ukurasa wa kumi, halafu akiwa katikati mfunike maandishi kwa mkono. Wengi wataendelea. Wamekariri! Nimeshamuona mmoja anasoma huku anaangalia dirishani, kitabu kiko mapajani, hajakosea hata neno. Huwezi kujua kama mtu anajua kuendesha gari kama kila siku anazunguka uwanja ule ule wa mafunzo, mtoe barabarani kwanza. Hadithi mpya ambayo hajawahi kuiona, hiyo ndio barabara.

Na hapo linaingia lile suala la ithibati ambalo nalo limezua mkanganyiko wake. Kitabu kutumika shuleni, hata cha hadithi, kinatakiwa kiwe kimekaguliwa na kupewa ithibati, yaani kibali rasmi cha kutumika shuleni. Februari 2023 Waziri wa Elimu, Profesa Adolf Mkenda, alitangaza kupiga marufuku vitabu 16 shuleni kwa maelezo kwamba vinakiuka maadili, na kati ya hivyo kulikuwa na mfululizo mmoja wa Kimarekani ambao watoto wa shule za ingilishi midiamu walikuwa wanaupenda sana. Baada ya pale nimewasikia wazazi kwa masikio yangu wakisema hadithi zimepigwa marufuku shuleni. Hazijapigwa. Vilivyozuiwa ni vile vilivyotajwa, vyenye ithibati viko palepale, tena serikali hiyo hiyo ina Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ambayo siku hizi inashindanisha hata hadithi za watoto. Kama mwalimu ana wasiwasi na kitabu fulani, aangalie kama kina ithibati, asifunge kabati zima.

Halafu suala la bei! Watu wanashika kitabu cha kurasa 24 wanasema hiki kidude bei yote hii. Kitabu cha mtoto kina picha, picha zinataka mchoraji, zinataka rangi, na mashine ya kuchapa gharama yake kubwa iko kwenye kuiandaa. Ni kama kuwasha jiko la mkaa kwa ajili ya maandazi kumi, mkaa unaokwenda ni karibu ule ule wa maandazi mia mbili, kwa hiyo ukichoma machache kila andazi linabeba mkaa mwingi. Mchapishaji akijua atauza nakala chache anapandisha bei, bei ikipanda wanunuzi wanapungua, wanunuzi wakipungua anachapa chache zaidi. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania ulioanza 1991 ulikuja kuukata mduara huo, mchapishaji akikubali kutoa kitabu cha mtoto cha Kiswahili, mradi unanunua sehemu ya nakala na kuzipeleka shuleni, kwa hiyo anachapa akijua mnunuzi yupo. Vitabu vingi vya hadithi ambavyo watu wa rika langu tulivikuta shuleni vilipita mlango huo, bila sisi kujua.

Zile kontena za vitabu vya msaada kutoka nje sitasema sana. Nashukuru, ila nimefungua boksi moja nikakuta vitabu vya watoto wanaoteleza kwenye theluji, vingine vya sheria za kodi za nchi ya watu, na vyote vinahesabiwa kwamba shule imepata vitabu.

Tumefika kwenye neno lenyewe, maktaba. Watu wengi ukiwaambia maktaba wanaona jengo, mashelfu, kimya kama msikitini au kanisani, na mama mwenye miwani. Picha hiyo imetoka maktaba kuu, na sio mbaya, ile ya taifa pale Dar es Salaam ambayo Mwalimu Nyerere aliifungua Desemba 1967 ni jengo la maana kweli. Ila ya shule ya msingi haihitaji kuanza hivyo. Nimetembelea shule ina chumba kizuri kimeandikwa MAKTABA mlangoni, rangi mpya, ufunguo uko kwa mwalimu mkuu, mwalimu mkuu yuko semina. Ndani vitabu vimepangwa kwa urefu, havijaguswa, vingine bado viko kwenye nailoni. Hiyo ni stoo. Shule nyingine haina chumba kabisa, mwalimu amefunga kamba ukutani darasani, vitabu vimening'inia kwa vibanio vya nguo kama nguo za mtoto mchanga, watoto wanavichomoa wakati wa mapumziko na kuna daftari la kuandika nani kachukua nini. Hiyo ndio maktaba, hata kama mbao za kuezekea zinaonekana.

Tofauti yao haiko kwenye wingi wa vitabu. Kwenye maktaba vitabu vinatoka na kurudi, kuna mtu anayehusika, na kuna muda kwenye ratiba. Hilo la muda watu wanalisahau kabisa, mtoto hawezi kusoma saa ambayo haipo, na kama kipindi cha kujisomea kila siku kinaliwa na mazoezi ya mtihani wa darasa la nne basi hata umletee vitabu vya dunia nzima. Kingine ni kupanga kwa ugumu. Shirika la Room to Read, linalosaidia maktaba za shule, kwenye maktaba zao wanabandika rangi kulingana na kiwango, mtoto anajua mimi niko rangi fulani, hapotezi nusu saa na kitabu kilichomzidi kimo halafu akaamua kusoma sio kazi yake. Hili hata karatasi za rangi na gundi zinatosha.

Kwa nini basi makabati yanafungwa? Hapa usimlaumu mwalimu haraka. Vitabu ni mali ya shule, vinakaguliwa, na kikipotea anaulizwa yeye. Kisipotoka hakipotei. Ukimuweka mtu kwenye hali ambayo kitabu kilichosomwa ni hasara na kisichosomwa ni usalama, atachagua usalama, hata mimi ningefunga.

Turudi kwa mzee wa kitabu na kuficha. Huo usemi naupinga kabisa. Watu wanaopanga foleni mbele ya meza ya magazeti kusoma vichwa vya habari bila kununua hawapendi kusoma? Vijana wanaofuatilia hadithi za kipande kwa kipande kwenye simu, mpaka wanalipa ili watumiwe sehemu inayofuata, nao vipi? Wanasoma, tena usiku wa manane, bando linaisha wanakopa. Wanachokosa wengi ni zoea la kitabu, na mtu ambaye mpaka amemaliza la saba kitabu pekee alichokishika ni cha kufanyia mtihani, kichwani mwake kitabu na fimbo vimekaa pamoja. Mtihani ukiisha anakiacha, kwa nini asikiache.

Lingine ninalosikia sana ni kwamba hadithi za Kiswahili zitamchelewesha mtoto Kiingereza, hasa sasa ambapo kwa mtaala mpya Kiingereza kinaanza darasa la kwanza. Lile wazo kwamba alama hizi ni sauti, sauti ni neno, neno lina maana, mtoto analijenga mara moja tu, na analijenga kirahisi zaidi kwa lugha anayoielewa. Akishalijenga anahama nalo. Ukimuanzishia kwa lugha asiyoijua anabeba mizigo miwili kwa wakati mmoja. Na tukiwa wakweli, kuna watoto wa vijijini ambao hata Kiswahili chenyewe wanakutana nacho vizuri shuleni, nyumbani ni Kisukuma, Kimasai au Kiiraqw, hao ndio wanahitaji zaidi vitabu vyenye picha nyingi na maneno machache, halafu ndio hao wanaofikiwa mwisho.

Na mzazi asiyejua kusoma asikae pembeni. Ile hadithi hadithi, hadithi njoo ya jioni ni nusu ya kazi, maana pale ndipo mtoto anapata maneno na anajifunza kufuata tukio mpaka mwisho. Mtoto aliyesimuliwa sana sungura na fisi akikutana nao kwenye maandishi anawajua tabia zao. Mtoto akikusomea kitu, usimsifie sauti, muulize, enhe, sasa ikawaje? Swali hilo halihitaji cheti. Kwa wenye simu janja kuna hadithi za bure kwenye tovuti ya African Storybook, zimo za Kiswahili, zinaruhusiwa kuchapwa, mwalimu anaweza kuprinti kadhaa akazibana na stepla, kesho ana vitabu.

Shule yetu chumba hakikujengwa. Baada ya mabishano ya vikao viwili zaidi ikakubalika masanduku ya mbao, moja kila darasa mpaka la nne, funguo zinakaa na viranja, na kamati ikaandika kwenye muhtasari kwamba vitabu vikipotea kiasi fulani kwa mwaka mwalimu hatadaiwa. Kifungu hicho ndicho kilichobishaniwa kuliko hata hela yenyewe. Mwaka wa kwanza vilipotea kadhaa, kama ilivyotegemewa. Kimoja kilirudi baada ya miezi, kimefunikwa na gazeti, kina doa la mafuta ya taa kwenye kona, na mtoto aliyekileta hakuwa hata wa shule yetu.